Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanetu Wawili wa Kuasili

Tunaishi Kisauni, Mombasa, mimi na mume wangu na wavulana wawili wa miaka miwili na kitu. Tuliwaasili wote kwa pamoja, yaani tuliwachukua kisheria kuwa wanetu. Maswali hutujia kila mahali: ndani ya matatu, kanisani, kwa muuza mboga, kwa simu kutoka kwetu Taita. Mengi huulizwa kwa upendo na ninayajibu kwa upendo huohuo. Machache sitayajibu, na nitaeleza kwa nini. Nawaandikia hasa wale wanaofikiria kuasili na wanataka kujua nyumba inakuwaje watoto wakishaingia.

Ni mapacha?

Hapana. Wamepishana miezi mitano. Mkubwa ni mrefu, mwembamba. Mdogo ana mabega mapana na miguu iliyojaa, kwa hiyo asiyewajua humdhania mdogo ndiye mkubwa.

Miezi hiyo mitano ndiyo inayowatatiza watu. Muuguzi mmoja wa kliniki alivishika vijitabu vyao vyote viwili, akasoma tarehe ya kuzaliwa ya huyu, akasoma ya yule, akarudia ya kwanza, kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Sista, wote wangu, ni wa kuasili." Akasema, "Basi Mungu amekujalia mara mbili, leta huyo mkubwa nimpime uzito." Natamani kila mtu angelipokea jibu letu vile.

Kwa hiyo si ndugu wa kweli?

Ni ndugu wa kweli. Hawakuzaliwa na mama mmoja, lakini walilelewa katika makao mamoja ya watoto, vitanda vyao vya mbao vikiwa vimepakana. Tulipoanza kwenda kuwatembelea tuliona kwamba mmoja akilia, mwenzake husimama, akashika fito za kitanda na kubaki vivyo hivyo hadi kilio kiishe. Ndiyo sababu tuliomba kuwalea wote wawili, ingawa tulikuwa tumejiandaa kwa mtoto mmoja.

Siku hizi mkubwa akianguka, mdogo hukimbia kuleta leso yangu ya buluu. Haleti nyingine, ni hiyo hiyo. Hata kama iko kwenye kamba bado mbichi, ataivuta mpaka vibanio viruke, aje nayo akiiburuta mchangani, amfunike kaka yake kichwa kizima. Hakuna aliyemfundisha.

Siku yenu huendaje?

Mdogo huamka na adhana ya alfajiri, maana msikiti hauko mbali nasi. Mkubwa huendelea kulala hadi asikie sufuria. Saa moja hivi ni uji wa wimbi wenye maziwa, katika vikombe viwili vya kijani vinavyofanana kila kitu. Kuna wakati kimoja kilikuwa chekundu, na hicho chekundu tukampa jirani ili asubuhi zetu zipate amani.

Mume wangu huondoka mapema. Mimi hufanya kazi katika duka la dawa kwa zamu, na nisipokuwepo wanabaki na dada anayetusaidia, ambaye wanamwita Anti. Mchana joto likizidi huwa hakuna la kufanya ila kutandika mkeka sakafuni, kuwasha feni na kulala. Jua likipungua, saa kumi na nusu hivi, tunatoka uani. Hapo kuna mchanga, vifuniko vya chupa, na kuku wa jirani ambao wamekwisha kujua waende wapi wakiwaona hawa wawili.

Kuanzia magharibi mpangilio haubadiliki hata akija mgeni: kuoga kwenye beseni, mafuta ya nazi, nguo za kulalia, chakula, mswaki, sala, neti. Mwenye kuasili mtoto mdogo nampa ushauri huu kabla ya mwingine wowote. Mtoto aliyehamishwa kutoka mikono hii hadi ile hajui kesho kutakuwaje. Hawezi kuelezwa kwa maneno, lakini baada ya mafuta ya nazi anajua nguo zinafuata, na nguo zikishavaliwa chakula kinafuata. Tuliuona mwili wa mkubwa ukilegea kidogo kidogo kwa sababu ya mpangilio huo tu.

Kwa nini mliwanyima watu kuwabeba siku za mwanzo?

Swali hili limewaumiza baadhi ya jamaa, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Katika makao ya watoto walezi hufanya kazi kwa zamu. Wanapenda watoto, sisi tumewaona, lakini wa asubuhi si wa usiku, na mwingine huacha kazi akaenda zake. Mtoto anayekulia hapo huzoea kwamba yeyote mwenye mikono anaweza kumbeba. Wanetu walipofika nyumbani walimwendea kila mtu: fundi wa mfereji, mgeni wa jirani, makanga wa matatu. Watu wakawasifu, "Watoto hawa hawana tabu, hawana woga!" Sisi ilitutia wasiwasi. Mtoto wa umri ule anatakiwa achague. Anatakiwa ajue kwamba kuna watu wawili duniani ambao ni wake, na wengine wote ni wengine.

Kwa hiyo tulijiwekea kanuni. Kulisha, kuogesha, kubadilisha nepi, kubembeleza na kulaza kungefanywa na baba na mama peke yao. Mgeni angeweza kucheza nao, kuwaimbia na kukaa nao mkekani; mtoto akilia au akitaka kubebwa, anakabidhiwa mmoja wetu.

Mamangu alikuja kutoka Taita na ndizi na kuku, mikono tayari imenyooshwa. Tulipomweleza alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani mimi si nyanya yao?" Mume wangu akamjibu, "Mama, wewe ni nyanya yao, na ukitusaidia sasa watalijua hilo maisha yao yote." Akaingia jikoni, akatupikia muda wote aliokaa, ili mikono yetu ibaki kwa watoto. Sijui kama nitawahi kumshukuru vya kutosha.

Miezi ikapita. Jumapili moja mama mmoja wa kanisa alimwinamia mkubwa ili ambebe, naye akaruka nyuma ya mguu wangu na kuukumbatia. Yule mama akasema, "Aa, siku hizi ana haya." Mume wangu na mimi tuliangaliana juu ya kichwa cha mtoto, tumejaa furaha. Baada ya hapo tulianza kulegeza kanuni, tukianza na nyanya yao.

Wanalala usiku?

Sasa wanalala. Mwanzoni ukimya uliwatisha, kwa kuwa walizoea chumba chenye pumzi za watoto wengi na taa ya ukumbini. Tuliwaweka chumbani mwetu, godoro lao chini kando ya kitanda chetu, neti moja wote wawili, na taa ndogo ikiwaka.

Lililonishtua zaidi ni kwamba mdogo hakuwa akilia akiamka. Ungeamka saa nane za usiku umkute macho makavu, anaangalia juu, ametulia tuli. Watu watakwambia huyo ni mtoto mpole. Lakini mahali palipo na watoto wengi na walezi wachache, mtoto hujifunza kwamba kuita hakumleti mtu haraka. Tukawa tunamwendea bila kungoja atuite. Tukiona tu macho yamefunguka, mmoja wetu anamshika mkono na kumsemesha. Alfajiri moja, adhana ikiendelea, akaketi na kuita, "Baba!" Baba akaitika. Akaita tena, akaitikiwa tena, akalala. Nililia. Hadi leo huita kila alfajiri, na kila alfajiri huitikiwa, hata kama baba yake amelala saa tatu tu.

Mbona mkubwa anakula kama mtu anayenyang'anywa?

Kwa sababu mwili wake bado unaamini kwamba atanyang'anywa. Si uroho na si kukosa adabu, na nawaomba msimcheke.

Alikuwa akimaliza sahani yake huku macho yako kwenye sahani ya mwenzake. Tulikuta vipande vya chapati chini ya mto, yai la kuchemsha ndani ya kiatu, na safu ya sisimizi ikituonyesha njia ya kufikia vyote hivyo. Hatukumgombeza hata mara moja. Tuliweka bakuli kwenye rafu ya chini ya kabati, analoweza kulifikia mwenyewe, na ndani yake huwa na ndizi au kipande cha kiazi kitamu wakati wote. Likiwa tupu tunalijaza akiona. Mwanzoni alilivamia, baadaye akawa analichungulia tu, anahakikisha, anarudi kucheza. Siku hizi hupita siku nzima bila kuligusa. Bakuli halijaondolewa na halitaondolewa hadi atakapolisahau mwenyewe.

Mambo mengine yaliyotusaidia: chakula kwa saa zilezile, mtoto kupakuliwa kidogo na kuongezwa, badala ya kurundikiwa sahani moja, kutomnyima chakula kama adhabu, hata kwa mzaha. Maneno "ukilia sikupi" hayasemwi nyumbani kwetu. Samaki namchambulia miiba mbele yake, polepole, nikimwambia, "Hiki chako, na hiki chako, na kingine kinakuja." Kama mtoto wako anatapika mara kwa mara, au uzito wake hauongezeki kwenye chati ya kijitabu cha kliniki, usikae na ushauri wangu. Mpeleke kwa daktari.

Wanagombana?

Kila siku, na zaidi ya yote juu ya ufagio. Vingi tunavinunua viwili viwili. Wakivutana juu ya kimoja, tunakaa chini katikati yao na kungoja, maana kwa umri huu hawajui bado kugawana.

Wameacha nepi?

Mkubwa ndiyo, mchana. Mdogo hulitumia poti kama kofia. Hatuna haraka.

Mambo ya kliniki mnayaendeshaje bila kujua historia ya familia?

Omba kijitabu chenyewe cha afya kutoka makao, usikubali kuandikiwa muhtasari. Humo utaona chanjo zilizokwisha kutolewa. Kwa Kenya, chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika kwa urahisi mtoto akihama. Vitamini A hutolewa kila miezi 6 hadi miaka mitano, na dawa ya minyoo kila miezi 6 mtoto akishatimiza mwaka.

Daktari akiuliza kama kuna ugonjwa fulani katika familia, mimi hujibu, "Hatujui, ni wa kuasili," kwa sauti ya kawaida, watoto wakisikia. Kwa sisi wa Pwani nashauri pia mwombe kipimo cha selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa upo sana huku na ni bora kuujua mapema kuliko kuugundua mtoto akiwa kwenye maumivu.

Ulipata likizo kazini?

Ndiyo, na wengi hawajui kwamba wana haki hiyo. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2021 yanampa mfanyakazi mwezi mmoja wa likizo yenye mshahara kamili kuanzia mtoto anapokabidhiwa kwake. Unatakiwa umwarifu mwajiri kwa maandishi angalau siku 14 kabla, pamoja na nyaraka kutoka shirika linaloshughulikia kuasili. Mwezi ni mfupi mno kwa kazi iliyopo. Niliongeza likizo yangu ya mwaka, kisha mume wangu akachukua yake mimi niliporudi kazini, ili mmoja wetu awepo.

Kisheria mlipitia nini?

Kwa ufupi: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ndiyo inayotawala. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefika 65. Unaanzia kwa shirika la kuasili lililosajiliwa. Maafisa wanakuja nyumbani, wanauliza kuhusu kipato, afya na ndoa, wanafungua hata choo. Mtoto lazima awe ametangazwa rasmi kwamba anaweza kuasiliwa. Kisha mnaishi naye kwa angalau miezi mitatu mfululizo, ndipo ombi linakwenda Mahakama Kuu. Mahakama huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, na ripoti hupelekwa pia kutoka idara ya serikali ya huduma za watoto. Jaji akitoa amri, jina la mtoto linaingizwa kwenye daftari la watoto walioasiliwa na mnapewa cheti.

Inachukua muda kuliko utakavyoambiwa. Na hakuna bei ya mtoto. Utalipia wakili na gharama za mashauri, lakini mtu akikwambia kwamba kwa kiasi fulani atakupatia mtoto wiki ijayo bila mahakama, huo ni uuzaji wa watoto. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, uripoti.

Majirani zenu Waislamu wanasemaje?

Wametushika mkono kuliko wengi. Wametueleza pia kwamba kwao mtoto anayelelewa hubaki na nasaba yake ya kuzaliwa, kama isemavyo Sura ya Al-Ahzab, kwamba waitwe kwa baba zao. Kwa hiyo Mwislamu anayetaka kumlea mtoto asiye wake huchukua njia ya kafala: anamlea, anamsomesha, anampenda, bila kumbadilisha nasaba, na katika mali anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi. Sheria ya 2022 inaitambua kafala. Msomaji Mwislamu azungumze na kadhi wake. Mimi nimeeleza nilivyoelezwa na majirani wanaoijua dini yao.

Wazazi wao waliowazaa wako wapi? Waliachwa wapi?

Hili silijibu, hata kwa jamaa wa karibu. Mamangu mwenyewe hajui. Tunayoyajua yameandikwa na kuhifadhiwa, na wenye haki ya kuyasikia kwanza ni wanetu. Mtoto hapaswi kukua akikutana na watu wazima mtaani ambao wanajua juu yake mambo asiyoyajua yeye.

Mtawaambia kwamba mliwaasili?

Tumekwisha kuanza. Kuna albamu ndogo yenye picha za makao, walezi wawili waliotukubalia picha zao ziwemo, vile vitanda vya mbao, na siku tuliyowaleta nyumbani kwa tuktuk, wote wawili wamelala mapajani. Baada ya kuoga huomba "kitabu". Ninasema: "Mama mwingine aliwazaa. Halafu mkakaa hapa, mkalelewa na hawa. Halafu mama na baba wakaja, wakawachukua, tukarudi nyumbani." Mdogo huweka kidole kwenye picha ya kitanda na kusema, "Changu." Mkubwa humsahihisha, kwa sababu kwa kweli anaonyesha cha mkubwa.

Kuna wazee wanaotushauri tusiseme kamwe, eti tutawaumiza. Nawaheshimu, lakini mtaani kwetu hakuna siri. Ipo siku mtoto wa mtu atagombana na wangu juu ya mpira na kulitupa hilo neno usoni pake. Ninataka siku hiyo awe analijua tangu zamani, kwa sauti yangu, akiwa ananukia mafuta ya nazi.

Na tafadhali, mbele yao msiseme "wa kuokotwa", wala "mama yenu wa kweli". Msiwaambie pia kwamba wana bahati kutupata. Mtoto hana deni la kulelewa.

Mkipata wa kumzaa wenyewe je?

Atakuwa wa tatu.

Ukoo umewapokea? Watarithi?

Sheria ya Kenya inamhesabu mtoto aliyeasiliwa kuwa sawa na aliyezaliwa ndani ya ndoa, mirathi pamoja, kwa hiyo hilo halingojei ridhaa ya mtu. Upande wa mume wangu kulikuwa na minong'ono. Babu yao ndiye aliyeimaliza. Aliwaketisha mkekani mbele ya wote, mmoja kila upande, akawatajia majina ya waliomtangulia hadi pale anapokumbuka, akawapa kila mmoja jina la ukoo. Hawakuelewa chochote, mkubwa alikuwa anakula ndizi. Lakini waliotakiwa kuelewa walielewa.

Tukija kuwaona tulete nini?

Njooni baada ya saa kumi, wakiwa wameamka, na muondoke kabla ya magharibi au mkubali kutukuta katikati ya beseni na mafuta. Msilete peremende. Matunda yanatosha: embe, papai, ndizi za kusukari. Ukileta kitu cha kuchezea, kiwe viwili vya aina moja na rangi moja. Nguo wanazo nyingi kutoka kwa binamu zao. Wanachokosa kila mara ni viatu vya plastiki vya kwenda navyo ufuoni, na hapo msikisie kwa umri: mdogo anavaa namba kubwa kuliko ya kaka yake. Nipigieni kwanza niwape vipimo.